Ufukweni California bila kunaswa na ukungu wa Juni: mwongozo kamili wa kupanga safari

Kosa ni lile lile kila mwaka. Familia inaamka Riverside au El Cajon, miji ya bara, jua limeshaanza kuchoma, simu inasema leo nyuzi 35. Watoto wanavalishwa nguo za kuogelea tangu sebuleni, gari linajazwa, safari inaanza. Kufika Santa Monica au Pacific Beach wanakuta mbingu ya kijivu, nyuzi 18, upepo wenye unyevu na mchanga wa baridi. Saa tano wanakunja mkeka. Saa saba jua linawaka ufukweni, na wao wako kwenye foleni ya kurudi.

Simu haikudanganya. Ilitoa joto la Riverside, kilomita 50 na zaidi kutoka baharini. Ukungu wa pwani una utabiri wake, na ukijua pa kuusoma unaweza kukadiria utaondoka saa ngapi, mara nyingi kwa kukosea saa moja tu.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Kwenye mabano utaona saa ya simu: saa nne asubuhi (10:00), saa saba mchana (13:00).

## Unachohitaji

Vya kupangia:

- Simu yenye intaneti. Tovuti ya weather.gov ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani (NWS) ni ya bure na ndiyo utakayoitegemea zaidi.
- Picha za setilaiti ya GOES-West, bure pia, kwenye tovuti ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa.
- Kamera moja ya moja kwa moja ya ufuo unaoutaka. Kamera za wachezaji wa mawimbi zinatosha.

Vya kubeba, kwa watu sita:

- Sweta au koti jepesi kwa kila mtu, na suruali ndefu kwa watoto. Hiki ndicho kinachosahaulika kuliko vyote.
- Blanketi mbili, mkeka mmoja wenye nailoni upande wa chini (mchanga wa asubuhi huwa umelowa), kanga au leso tatu za kujifutia na kujifunika.
- Chai ya moto lita mbili kwenye chupa, na maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtu.
- Losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi. Mtu mzima mmoja anahitaji mililita 30 hivi kwa mwili mzima, kwa hiyo kachupa kadogo hakatoshi familia.
- Taulo moja ya ziada kwa kila mtoto. Kwenye unyevu ule taulo haikauki.

Usibebe chupa za kioo wala pombe. Fukwe za jiji la San Diego zinakataza vyote viwili, na sehemu nyingine nyingi za pwani hii zina sheria za aina hiyo.

## Kwanza ujue unapambana na nini

Aliyekulia Mombasa au Tanga huona ajabu: bahari gani hii ya baridi kiangazi? Maji ya kwetu huwa kati ya nyuzi 25 na 29 mwaka mzima. Ya kusini mwa California mwezi Juni huwa 17 hadi 20, na ya San Francisco 11 hadi 14. Mkondo wa California huteremsha maji ya baridi kutoka kaskazini, na upepo wa kaskazini-magharibi husukuma maji ya juu mbali na pwani, ya kilindini yakapanda kuziba nafasi.

Hewa inayolala juu ya maji hayo hupoa na kushika unyevu. Juu yake hukaa hewa ya joto, kavu, inayoifunika kama kifuniko cha sufuria. Mvuke haupati pa kutokea, unageuka wingu la chini au ukungu. Usiku linaingia nchi kavu, mchana linarudi baharini. Kina cha hewa hiyo ya baridi, kutoka usawa wa bahari hadi kwenye kifuniko, ndicho kinachoamua siku yako. Hatua ya 4 yote inahusu kina hicho.

Wenyeji huita Mei "May Gray" na Juni "June Gloom". Mtu wa Limuru ataelewa bila kutafsiriwa: ni ile kijivu ya mwezi wa saba, ila imehamia ufukweni.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua siku

Kama ratiba ni yako, usiende Juni. Kusini mwa California, kuanzia Santa Barbara hadi San Diego, nusu ya pili ya Agosti na Septemba yote ndiyo majira mazuri: ukungu umepungua, maji yamefika nyuzi 20 hadi 22, na shule zikishafunguliwa maegesho hupatikana.

San Francisco ina kalenda yake. Ukungu wake hukaza Julai na Agosti, unapita kwenye lango la Golden Gate ukisukumwa na upepo mkali. Huko nenda Septemba au Oktoba. Na Ocean Beach ya San Francisco ni ya kutembea na kutazama tu: mikondo yake huvuta watu, na maji ni ya baridi ya kukata pumzi.

Kama umebanwa na likizo za shule, endelea na hatua ya 2. Juni inawezekana, ila haikubali kukurupuka.

Dalili ya kufaulu: umekubali mapema kwamba siku ya Juni inaanza saa sita mchana, na hukumwahidi mtoto yeyote kuogelea saa tatu asubuhi.

## Hatua ya 2: Chagua ufuo kwa umbo lake, usichague kwa jina

Watu huchagua ufuo waliouona kwenye picha. Ukungu unajali mambo mengine: ufuo unaelekea wapi, na nyuma au kando yake kuna nini.

Upepo wa kawaida hutoka kaskazini-magharibi na magharibi. Ufuo unaoelekea kusini, wenye kilima au rasi upande wa magharibi, hupata kivuli cha upepo na hukauka mapema. Rasi yenyewe, iliyojitokeza baharini, ndiyo ya mwisho kupata jua.

Mifano ya kuanzia:

- Avila Beach, kaunti ya San Luis Obispo. Inaelekea kusini na ina vilima. Mara nyingi ina jua wakati Morro Bay na Pismo, za jirani tu, zimefunikwa.
- Santa Cruz na Capitola. Ziko upande wa kaskazini wa ghuba ya Monterey, zinaelekea kusini, na milima ya Santa Cruz inazikinga. Ukitoka San Jose hizi ndizo chaguo la kwanza.
- Long Beach. Inaelekea kusini na ina ukuta wa kuvunja mawimbi. Maji yametulia, yanafaa watoto wadogo, ingawa hayasifiwi kwa usafi kama ya fukwe za wazi.
- Mission Bay, San Diego. Ni maji ya ndani, nyuma ya Mission Beach. Kilomita moja tu kutoka bahari kuu yaweza kukupa jua nusu saa hadi saa nzima mapema. Kwa familia yenye watoto wa chini ya miaka mitano, hapa pana nyasi, vyoo na maji yasiyo na mawimbi.
- Point Dume na pembe za Palos Verdes. Nzuri kwa macho, ila ni rasi. Ziache kwa Septemba.

Andika majina mawili: ufuo wa kwanza, na wa akiba ulio ndani ya nusu saa kwa gari. Asiye na wa akiba huishia kung'ang'ania kijivu.

## Hatua ya 3: Siku tatu kabla, soma mwelekeo

Siku tatu kabla hakuna anayejua saa ya jua kutoka. Unachotafuta ni mwelekeo: ukungu unaongezeka au unapungua?

Ingia weather.gov, kisha bonyeza ramani juu ya ufuo wenyewe, usiandike jina la mji. Utapewa utabiri wa kipande kile cha pwani. Fanya hivyo kwa nyumbani kwako pia, uone tofauti. Nyuzi 15 kati ya bonde la San Fernando na Santa Monica siku moja, saa moja, si jambo geni.

Kuna mzunguko wa kuufahamu. Joto likipanda sana bara, hewa ya bara hupanda na hewa ya bahari huvutwa kujaza nafasi yake, hivyo baada ya siku mbili tatu za joto kali ukungu huingia kwa nguvu na kupoza kila kitu. Kisha bara hupoa, mvuto unalegea, ukungu unapungua. Kwa hiyo siku ya kwanza ya wimbi la joto mara nyingi ni nzuri kuliko ya tatu. Wengi hungoja hadi siku ya tatu ya joto, wakiwa wamechoka, na hiyo ndiyo inayowaangusha.

## Hatua ya 4: Usiku wa kuamkia safari, soma kina

Hapa ndipo siku inapopatikana au kupotea. Dakika kumi zinatosha.

Fungua maelezo ya watabiri. Kila ofisi ya NWS huandika maelezo marefu mara kadhaa kwa siku, yanayoitwa Area Forecast Discussion. Ofisi ya Los Angeles ina alama LOX, San Diego SGX, San Francisco na Monterey MTR. Tafuta maneno "marine layer", yaani ile hewa ya baridi ya baharini. Kwenye sehemu ya usafiri wa anga, LOX huandika kina hicho kwa futi, kilivyopimwa LAX, uwanja wa ndege wa Los Angeles.

Tumia makadirio haya kuanzia:

- Chini ya futi 800: ukungu umelala chini kabisa. Asubuhi ni mzito, huoni mnara wa waokoaji. Mitaa ya ndani itakuwa na jua mapema sana, lakini ufuo wenyewe unaweza kushikiliwa na kipande chembamba siku nzima. Hapa ufuo wa akiba ndio unaokuokoa.
- Futi 1,000 hadi 1,800: siku ya kawaida ya Juni. Bara hufunguka saa tatu au nne, ufuo kati ya saa tano na saa saba (11:00 hadi 13:00).
- Futi 2,000 hadi 3,000: tarajia jua saa nane au tisa alasiri, likija.
- Zaidi ya futi 3,000: manyunyu asubuhi, na ufuo huenda usifunguke. Ahirisha.

Namba hizi si sheria. Wingu nene lililopasuliwa na upepo wa juu linaweza kutawanyika haraka kuliko ulivyodhani. Ndiyo maana unasoma na maelezo ya mtabiri: akiandika kwamba mawingu yatachelewa au hayataondoka baadhi ya fukwe, mwamini kuliko ile picha ya jua kwenye simu.

Ukikutana na maneno "Catalina eddy", ujue ni mzunguko wa upepo unaojikunja baharini karibu na kisiwa cha Catalina. Huinua kina cha hewa ya bahari na kurefusha ukungu. Ukiuona umetajwa kwa kesho, ongeza saa mbili kwenye makadirio yako.

Kisha soma utabiri wa marubani. Unaitwa TAF, ni wa bure, na ndio utabiri wa saa wa mawingu ya chini ulio sahihi kuliko wowote utakaoupata, kwa sababu ndege hutua kwa kuutegemea. Chagua uwanja ulio karibu na ufuo wako: KLAX kwa Dockweiler na fukwe za jirani, KSMO kwa Santa Monica, KSAN kwa San Diego, KSBA kwa Santa Barbara.

Mstari unaweza kusomeka hivi: `OVC010`, kisha chini yake `FM111900 ... SKC`.

- OVC010: wingu limefunika mbingu yote, futi 1,000 kutoka ardhini. Tarakimu tatu huzidishwa kwa 100.
- BKN: limefunika zaidi ya nusu. SCT: vipande vipande. SKC: mbingu nyeupe, hakuna wingu.
- FM111900: kuanzia tarehe 11, saa 19:00 ya saa za dunia. Wakati wa kiangazi California iko saa 7 nyuma, hivyo 19 toa 7 ni 12:00, yaani saa sita mchana.

Kosa la kawaida hapa ni kusahau kutoa 7 na kudhani jua litatoka saa moja usiku. Kosa la pili ni kuchukua saa ya uwanja wa ndege kama ya ufuo. Ongeza dakika 30 hadi 60 kwa ajili ya mchangani.

Dalili ya kufaulu: umelala ukiwa na saa moja iliyoandikwa, kwa mfano "jua saa saba kasorobo".

## Hatua ya 5: Asubuhi, hakikisha kabla ya kutoa gari

Subiri jua lichomoze, kwa sababu picha za kawaida za setilaiti hazioni kitu gizani. Kwenye picha za GOES-West angalia filamu ya saa mbili zilizopita.

Ukungu huliwa kutoka kingoni. Jua hupenya wingu, hupasha ardhi, ardhi hupasha hewa, matone yanakauka. Bahari haipashiki upesi, kwa hiyo wingu hurudi nyuma kutoka bara kuelekea mchangani. Ukiona ukingo wa wingu tayari umekaribia pwani saa tatu, jua litawahi kuliko ulivyokadiria. Ukiona saa nne bado limeingia hadi miguu ya milima, jua litachelewa kuliko ulivyokadiria.

Malizia na kamera ya ufuo. Usiangalie mbingu, angalia mchanga: kukiwa na vivuli vya watu, hata hafifu, wingu limeshakuwa jembamba.

Ukifungua dirisha la chumbani Riverside kutafuta ukungu, hujafanya hatua hii.

## Hatua ya 6: Amua saa ya kufika

Mtego ni huu: jua likitoka saa saba, maegesho ya bure hujaa saa sita, kwa sababu kila mtu ana simu. Una njia mbili tu zinazofaa.

Kufika mapema na kustahimili. Fika saa tatu (9:00), egesha karibu, tandika, wape watoto sweta na ndoo za mchanga. Kunyweni chai, pikeni, tembeeni. Jua likitoka mko tayari. Njia hii inafaa makundi makubwa na wenye mishikaki ya kuchoma, kwa sababu mashimo ya moto ya Dockweiler, Huntington, Bolsa Chica na Mission Bay huchukuliwa na anayewahi. Wengi hukwepa kijivu cha asubuhi, kwa hiyo nafasi unazo.

Kufika kwa kuchelewa bila gari lako. Treni ya E ya Metro ya Los Angeles inafika katikati ya Santa Monica, na kutoka kituoni hadi gati ni mwendo wa dakika chache. Ondoka nyumbani saa tano, fika na jua. Hakuna kuzunguka ukitafuta pa kuegesha.

Njia mbovu kuliko zote ni ya katikati: gari, saa sita unusu, Jumapili. Hiyo ndiyo inayochaguliwa na wengi.

## Hatua ya 7: Barabarani

Ukungu ukiwa mzito, hasa barabara ya 1 inayopita ukingoni mwa bahari:

- Washa taa za chini. Taa kali hurudishwa na matone na kukupofusha. Sheria ya California inadai taa ziwake ukishindwa kuona mtu au gari umbali wa futi 1,000, karibu mita 300, na pia wiper zikiwa zinafanya kazi mfululizo.
- Punguza mwendo kabla ya kuingia kwenye ukungu. Ukifunga breki ukiwa ndani, aliye nyuma hakuoni.
- Usisimame ukingoni mwa barabara kupiga picha. Toka kabisa, ingia eneo la maegesho.

## Hatua ya 8: Mchangani

Paka losheni hata kama huoni jua. Miale inayounguza hupenya wingu jembamba kwa sehemu kubwa, na kwa kuwa kuna baridi ngozi haikuonyi. Ndiyo maana watu huungua hata siku za kijivu. Paka dakika 15 kabla ya kufika, rudia kila baada ya saa mbili na kila mtu anapotoka majini. Ngozi nyeusi huchelewa kuungua, lakini huungua, na masikio ya watoto na nyuma ya shingo ndipo panaposahaulika.

Usiingie majini kama huoni mnara wa muokoaji. Sababu ni rahisi: kama humuoni, hakuoni. Mkondo wa kurudi baharini hautambuliki ndani ya ukungu, na ukipotezwa mita 50 hujui pwani iko upande gani. Subiri ukungu uinuke uwe wingu la juu. Wingu lililoinuka si hatari, ni kero tu.

Watoe watoto kabla hawajatetemeka. Kwa maji ya nyuzi 17, dakika 15 hadi 20 zinatosha mtoto asiye na nguo ya mpira ya kuogelea. Midomo ikibadilika rangi, mtoe, mvue nguo iliyolowa, mkaushe, mfunike blanketi, mpe chai. Kumfunika juu ya nguo iliyolowa hakusaidii, na ndivyo wengi wanavyofanya.

Panga kuondoka kabla ya saa kumi na moja au kumi na mbili jioni (17:00 hadi 18:00), isipokuwa kama mna moto. Upepo wa baharini wa alasiri huanza kurudisha wingu, na joto hushuka ghafla huku wote wamelowa. Vaeni makavu kabla halijafika.

## Ukungu ukigoma

Weka saa ya mwisho: saa nane mchana (14:00). Kama hakuna kivuli mchangani kufikia hapo, ondoka. Kwa nini saa nane? Baada yake jua linashuka, uwezo wake wa kukausha wingu unapungua, na upepo wa baharini ndio unaokuwa umekaza.

Jaribu mambo matatu kwa mpangilio huu.

Nenda ufuo wa akiba, ikiwa kamera yake inaonyesha vivuli. Usiende kwa kubahatisha.

La sivyo, panda juu. Kama kina cha asubuhi kilikuwa futi 1,000, kilima cha futi 1,500 kiko juu ya kifuniko: jua kali, joto, na chini yenu wingu jeupe limejaa kama maziwa kwenye bakuli. Barabara za milima ya Malibu na Santa Monica hufika huko kwa dakika 20. Vueni sweta kabla ya kushuka garini, tofauti inaweza kufika nyuzi 10.

La sivyo tena, sogeeni ndani kilomita tano hadi kumi, kwenye bustani ya umma yenye majiko ya kuchomea nyama. Mishikaki ile ile, jua lile mlilolitafuta, na watoto wana nyasi za kukimbilia.